Muulize Anko: Eti Disney walikuwa na serikali yao?

SWALI: Shikamoo anko. Juzi kijiweni tulibishana hadi kahawa ikapoa, jamaa mmoja anadai kule Florida, Marekani, kampuni ya Disney, ile ya katuni na bustani za burudani, ilikuwa na serikali yake kabisa, ina polisi wake na ruhusa ya kujenga mtambo wa nyuklia. Nikamwambia uzushi, tukawekeana dau la kreti la soda. Nani kaliwa? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Umeliwa mwanangu, ila siyo kreti zima. Polisi hawakuwa nao, ulinzi ulikuwa wa masherifu wa kaunti. Nyuklia ni kweli, imo kwenye sheria ya mwaka 1967, japo hawakujenga.

Sheria hiyo ya jimbo iliunda kitu kilichokuwa kinaitwa Reedy Creek Improvement District, wewe chukulia ni halmashauri, yenye ekari kama elfu 25 kwenye kaunti za Orange na Osceola, nayo ndo inatoa vibali vya ujenzi, inachonga barabara na mitaro, ina zimamoto yake na inakopa hela yenyewe. Sasa uhondo uko kwenye uchaguzi. Bodi ilikuwa ya watu watano, na kura haikuhesabiwa kwa kichwa, ilikuwa ekari moja kura moja. Na ekari karibu zote zilikuwa za nani? Haya.

Zaidi ya miaka 50 mambo yalienda hivyo hadi 2022, Disney walipoipinga hadharani sheria ya gavana Ron DeSantis ya kubana masomo ya jinsia na mapenzi kwa watoto wa madarasa ya chini. Gavana akasaini kuivunja halmashauri, kumbe ina deni la kama dola bilioni moja, ukiivunja linawaangukia walipa kodi wa kaunti. Februari 2023 wakageuza, halmashauri ibaki, jina libadilike, wajumbe wote watano wateuliwe na gavana. Mimi hapo naona walibadilisha bosi tu, mwananchi wa kawaida bado hana kura.

Ila Disney nao wajanja bwana! Wajumbe wapya wanaingia, wanapekua makabrasha, wanakuta bodi ya zamani kabla ya kutoka imesaini na Disney mikataba inayowaacha mikono mitupu, tena kwenye kikao cha hadhara kilichotangazwa gazetini. Sharti mojawapo linadumu hadi miaka 21 baada ya kufa mzao wa mwisho wa Mfalme Charles wa Uingereza, kwa wale waliokuwa hai siku ya kusaini. Usicheke, ni mbinu ya zamani ya mawakili, maana sheria inakataa masharti ya ardhi ya milele, basi wanatafuta ukoo ambao kila mtu atajua nani kafa lini.

Wakaburuzana mahakamani hadi Machi 2024 wakapatana, mikataba ile ikafutwa, na Juni wakasaini mpya wa miaka 15, Disney wakitaja uwekezaji wa hadi dola bilioni 17.

Kreti lipeleke, ila chomoa chupa zako kadhaa za wale polisi.