Kabla hujachagua zana za kiolesura, kaa kaunta siku moja

Mwaka 2019 nilipata kazi ya kutengeneza programu ya mauzo na stoo kwa duka la jumla la vifaa vya ujenzi, Kariakoo. Walikuwa na programu ya zamani iliyoandikwa kwa Visual Basic 6: dirisha la kijivu, herufi ndogo, vitufe vimebanana kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni. Nilipoiona nilicheka moyoni. Nikaenda nyumbani nikaandika yangu kwa Electron, zana ya kujengea kiolesura (madirisha, vitufe na yote anayoyaona mtumiaji) kwa lugha za kurasa za wavuti, HTML na CSS, kwa kuwa lugha hizo nilikuwa nazimudu na nilitaka kitu cha kupendeza: rangi, vivuli, menyu zinazoteleza. Mwenye duka alipoiona kwenye laptopu yangu akasema hii sasa ndiyo kazi. Awamu ya kwanza ya malipo ikatoka siku hiyohiyo.

Kompyuta ya kaunta ilikuwa ya mtumba, RAM GB 4, Windows 7, diski ya zamani ile inayolia. Electron hubeba Chromium nzima tumboni mwake, yaani kila programu yako inakuja na kivinjari chake. Kwenye laptopu yangu ilifunguka nikiwa bado nimeshika mausi. Pale kaunta tuliisubiri mpaka nikaanza kuwaomba radhi watu ambao hawajaniuliza kitu.

Hilo lingevumilika. Kilichoniumbua ni mikono ya keshia.

Dada yule alikuwa na miaka tisa kwenye kiti hicho. Kwenye programu ya zamani anaandika herufi tatu za bidhaa, mshale chini, Enter, idadi, Enter, na mstari mpya unamngoja. Macho yako kwa mteja muda wote. Kwenye yangu, Enter ilituma fomu nzima. Ili kuongeza bidhaa ya pili ilibidi ashike mausi, atafute alama ya kujumlisha niliyoiwekea kivuli kizuri, aibonyeze, kisha arudi kwenye kibodi. Kufika saa nne foleni ilikuwa imetoka nje ya mlango. Akaniambia taratibu, bila ukali wowote: "Mdogo wangu, ile ya zamani ilikuwa inanifuata mimi. Hii yako mimi ndiye ninayeifuata." Saa sita mchana tukairudisha ile ya kijivu.

Niwe mkweli, kosa la Enter halikuwa la Electron. Lilikuwa langu. VS Code, programu ya kuandikia msimbo, imejengwa kwa Electron na nimeitumia miaka mingi bila malalamiko, ila kwenye mashine yenye nguvu. Nilichokosea ni kuanza na sura.

Vijana huniuliza sana kuhusu zana za kiolesura: kaka, nitumie Qt, WPF au JavaFX? Nami huwauliza: ankara ya duka lako ina mistari mingapi, na nani anaiandika? Programu ya biashara ina skrini nyingi, lakini moja tu ndiyo inayotumika kutwa nzima, ile ya kuingiza mauzo. Nyingine zote, hata zikiwa na sura ya mwaka 1998, hakuna atakayelalamika. Kwa hiyo zana zipimwe kwa skrini hiyo, na ndani ya skrini hiyo kitu kizito kuliko vyote ni gridi.

Gridi ndiyo jedwali ambalo mtu anaandika ndani yake moja kwa moja. Tkinter inakuja na lugha ya Python yenyewe, haina gharama, nami naipenda kwa vijiprogramu vidogo. Lakini jedwali lake, Treeview, halikuruhusu kuandika ndani ya seli. Utabandika kisanduku cha maandishi juu ya seli, ukipime, ukihamishe mtumiaji anaposogeza orodha. Nilifanya hivyo mara moja, na sirudii. Gridi za zana nyingine, yaani DataGridView ya WinForms (ya Microsoft), JTable ya Swing (ya lugha ya Java) na QTableView ya Qt, zote zinaruhusu kuandika ndani, na zote unaweza kuziunganisha na data kwa namna ambayo zinaomba mistari inayoonekana tu. Duka lile lilikuwa na bidhaa zaidi ya 12,000, kuanzia misumari hadi matangi ya maji. Ukizipakia zote kwenye gridi kwa mpigo, dirisha linapauka, na keshia anadhani kompyuta imekufa.

Hata hizo nzuri zina vituko vyao. Kwenye DataGridView, Enter inashuka mstari wa chini badala ya kwenda seli ya kulia. JTable nayo ni hivyohivyo. Kwa DataGridView inabidi uirithi gridi, yaani utengeneze yako juu ya ile, na kubadilisha sehemu zake zinazopokea vitufe, ProcessDialogKey na ProcessDataGridViewKey, ili ikutii. Halafu kuna skana ya bakodi, ambayo machoni pa kompyuta ni kibodi tu: inaandika tarakimu harakaharaka kisha inamalizia na Enter. Kielekezi kikiwa kimekaa kwenye kitufe cha "Futa ankara" wakati skana inapiga, umeshaelewa kitakachotokea. Mimi nilielewa baada ya ankara ya mistari ishirini na kitu kupotea mbele ya mteja.

Jambo la pili ni mashine na Windows iliyomo. Hapa watu wengi huanguka, maana wanajaribu kwenye kompyuta zao wenyewe. Qt 6 inataka Windows 10 kwenda juu. Kwa Windows 7 mwisho wako ni Qt 5.15. Electron nayo iliiacha Windows 7 baada ya toleo la 22. Microsoft wenyewe waliacha kuihudumia Januari 2020, na kwa usalama ni kweli inafaa iondoke, lakini nenda stoo yoyote ya jumla uone inavyoendelea kufanya kazi na vumbi lake. .NET Framework 4.8, msingi ambao WinForms husimama juu yake, inakubali hata Windows 7 yenye SP1 (kifurushi chake cha masasisho). Ndiyo maana mara ya pili niliandika kwa WinForms.

Wenzangu walinicheka. WinForms ilitoka mwaka 2002! Basi nikawauliza kuhusu Silverlight, zana nyingine ya Microsoft. Ilizaliwa 2007 kwa vigelegele, na Oktoba 2021 huduma yake ikafungwa rasmi. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Programu ya duka inaishi miaka kumi, kumi na mitano, na atakayeirekebisha mwaka wa nane si wewe. Swing ipo ndani ya Java tangu 1998 na bado ipo. JavaFX, iliyotangazwa kuwa mrithi wake, ilitolewa nje ya JDK, kifurushi cha kutengenezea programu za Java, kuanzia toleo la 11, ikabaki mradi unaojitegemea. Si kwamba JavaFX imekufa, hapana, lakini aliyekuwa akiitegemea ilibidi abadilishe namna yake yote ya kufungasha programu.

Kama unaandika Python, Qt ndiyo naipendekeza, ila soma leseni. PyQt, njia moja ya kutumia Qt ndani ya Python, iko chini ya GPL (leseni inayodai msimbo wako nao uwe wazi) au leseni ya kulipia: ukiuza programu ambayo msimbo wake umeuficha bila kununua leseni, umevunja masharti. PySide, njia ya pili, iko chini ya LGPL, leseni iliyolegea zaidi, na kwa wengi wetu hiyo inatosha. Msimbo wake karibu ni uleule.

Siku hizi kabla ya kuchagua ninajipa siku mbili. Naandika skrini moja tu, ile ya mauzo, kwa bidhaa zote za kweli za duka, naiweka kwenye flashi, nakwenda kuifungua kwenye kompyuta ya kaunta. Namwomba keshia aandike ankara ya jana huku mausi nimeichomoa. Akikwama mahali, naandika kwenye daftari. Akimaliza bila kuniangalia, nimepata zana.

Na bosi akitaka kuona mauzo kwenye simu akiwa Dubai kununua mzigo, mtengenezee ukurasa wa wavuti unaosoma databesi ileile, wenye jumla ya siku na bidhaa zinazokaribia kuisha. Hapo weka vivuli vyote unavyotaka. Kaunta iache kama ilivyo.