Mtoto Mwenye OCD Akikua, Mzazi Atumaini Nini?

Wazazi wenzangu wenye watoto wa OCD, ugonjwa wa akili wa mawazo yanayojirudia na vitendo vya kuyatuliza, huniuliza swali moja kuliko yote: "Ataacha lini?" Ataacha lini kunawa, kuuliza, kurudi kukagua mlango. Nawaelewa. Lakini mzazi anayesubiri asubuhi ambayo mtoto ataamka bila wazo hata moja la kumsumbua atavunjika moyo kila wiki, kwa sababu mawazo hayo hayaondoki kwa asubuhi moja. Mimi natumaini jambo jingine, nalo limenibeba miaka yote hii: mwanangu aende anakotaka kwenda, wasiwasi uwepo au usiwepo.

Alianza akiwa darasa la nne, hapa Tanga, na ilianzia kwenye udhu. Anaosha mkono, anahisi hakuosha, anarudia. Jamaa inasali inamaliza, yeye bado yuko bombani. Mwanzoni watu walimsifu: mtoto msafi, mcha Mungu. Kisha ngozi ya vidole ikaanza kupasuka, na maswali yakafuata. "Mama, hapa nimeosha? Una hakika? Hakika kabisa?"

Kwa asiyeujua ugonjwa huu: wazo linaingia lenyewe, linatisha, na mtoto anafanya kitendo ili litulie. Linatulia kweli, kwa dakika chache. Ubongo unajifunza kwamba nafuu imetoka kwenye kile kitendo, basi safari ijayo unakidai tena, na kwa wingi zaidi. Mzazi naye anaingizwa humo bila kujua, maana jibu la "ndiyo mwanangu, umeosha" ni nafuu ileile ya dakika chache. Kila unapojibu, unailisha shaka.

Zamani madaktari wengi waliuona ugonjwa huu kama usiotibika. Mwaka 1966 mwanasaikolojia Victor Meyer wa London aliandika habari za wagonjwa wawili aliowasaidia kwa njia iliyoonekana ya ajabu wakati ule: walikikabili kile wanachokiogopa, kisha wakazuiwa kufanya kitendo cha kujituliza. Njia hiyo ndiyo iliyokuja kuwa tiba kuu ya mazungumzo kwa OCD, na ndiyo aliyopewa mwanangu. Anashika kitasa cha mlango, hanawi, anakaa na hofu mpaka ipungue yenyewe. Hupangwa kwa ngazi, kuanzia jambo jepesi, na mtoto ndiye anayekubali ngazi inayofuata. Asikudanganye mtu kwamba tiba hii ni kumlazimisha mtoto au kumfungia maji.

Kwenye udhu tulimhitaji sheikh wake wa madrasa, na nawashauri Waislamu wenzangu wasiiache hatua hii. Alimweleza kwamba kila kiungo mwisho ni mara tatu, kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, kipimo ambacho wengi wanakikadiria kuwa hakifiki lita, na kwamba katika fiqhi yakini haiondolewi na shaka. Daktari na sheikh walikuwa wanasema kitu kimoja. Tukaanza na kopo moja la maji. Likiisha, udhu umekwisha, anakwenda kusali huku moyo unadunda. Mkristo naye anaweza kumwomba padri au mchungaji anayeielewa hali hii amsaidie mtoto anayerudia toba na sala zilezile bila kikomo.

Mimi nilikuwa na kazi yangu peke yangu: kuacha kumhakikishia. Mwanasaikolojia Eli Lebowitz wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, ametengeneza mafunzo mazima ya wazazi kuhusu jambo hili, na kiini chake kinabebeka hata bila kliniki. Unasema mambo mawili kwa pamoja: naona unavyoteseka, na najua unaweza kuvumilia. "Najua inakutisha, mwanangu, na najua utaiweza." Basi, hujibu lile swali. Mwambie mapema kwamba umeanza utaratibu huu, usimshtukize katikati ya hofu. Atalia, atakasirika, atakwenda kumuuliza bibi. Kwa hiyo bibi, shangazi na dada wa kazi nao lazima waambiwe.

Akifika umri wa kubalehe, sikiliza kwa namna nyingine. Kunawa kunaonekana kwa macho, ila vijana wengi hupata mawazo yasiyoonekana: kumdhuru mdogo wake, kumtukana Mungu, mambo ya aibu ya mwili. Wanayaficha kwa sababu wanadhani wamekuwa watu wabaya. Kumbe mawazo ya namna hii huwatesa hasa kwa kuwa yanapingana na kile wanachokipenda na kukiamini. Kijana wako akikwambia "kuna kitu nawaza siwezi kukisema", usishtuke, usimhoji kama polisi, na usikimbilie kusema ni jini. Mwambie kwamba wengi wenye ugonjwa huu hupata mawazo mazito ya namna hiyo, na kwamba daktari wa afya ya akili ameshayasikia. Ikiwa anasema anataka kujidhuru au amechoka kuishi, hilo lisingoje tarehe ya kliniki.

Dawa nazo zipo, kama fluoksetini na setralini. Kwenye OCD zinachelewa kufanya kazi, pengine wiki 10 hadi 12, na wazazi wengi huzitupa wiki ya tatu wakisema hazisaidii. Zisikatishwe ghafla bila daktari.

Sasa matumaini yenyewe. Mwaka 2004 watafiti walikusanya pamoja matokeo ya tafiti zilizowafuatilia watoto wenye OCD kwa miaka. Kama 4 kati ya 10 walikuwa bado na ugonjwa kamili, kama 2 walibaki na dalili hafifu, na wengine 4 hivi hawakuwa nao tena. Niliposoma hayo nililia, kwa furaha, maana nilikuwa nimeambiwa na watu wengi kwamba mtoto wangu ameharibika. Hata yule ambaye ugonjwa umebaki naye anaweza kusoma, kuajiriwa, kuoa na kulea.

Dalili zinaweza kurudi, hasa kwenye mabadiliko. Kwetu zilirudi kidato cha nne, akawa anafuta jibu na kuliandika upya mpaka karatasi inatoboka. Kurudi huko hakukuwa kuanza moja. Safari hii aliitambua mwenyewe, akasema, "Mama, ni ile kitu," akarudi kwenye ngazi zake kabla sijafungua mdomo. Hapo ndipo nilipoona amekua. Kwa hiyo ukipima maendeleo, usihesabu mara alizonawa tu. Tazama anagundua haraka kiasi gani, na ni mambo mangapi anayafanya huku anaogopa.

Leo yuko chuo, mbali na nyumbani. Kabla hajaondoka tulikaa wakati ametulia tukaandika dalili zake za mwanzo: kuchelewa bafuni, kuchelewa kukusanya kazi, kunipigia simu kuuliza kitu ambacho jibu lake analijua. Tukaandika pia amwone nani huko aliko, dawa anachukulia wapi, na ni rafiki yupi mmoja anayejua. Kliniki anakwenda peke yake, nami siingii na daktari mpaka aniite. Tulikubaliana pia kuhusu simu zangu: nikipiga, nianze kuuliza habari za masomo, chakula na mpira, na habari ya ugonjwa aianzishe yeye.