Jembe Asubuhi ya Kwanza: Kabla Hujaenda Kujitolea Katika Mashamba ya Kilimo Hai Ughaibuni

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika safari ninazotaka kukueleza hapa, jembe unalipata asubuhi ya kwanza. Mimi nilikabidhiwa reki ndogo ya plastiki, nikapelekwa chini ya mzeituni na kuambiwa nichane matawi jinsi mtu anavyochana nywele. Ilikuwa Novemba, katika vilima vya Italia ya kati. Chini ya mti palitandikwa wavu mpana, na kila nilipovuta reki zeituni zilimwagika juu yake. Kufika mchana mabega yalikuwa yamekufa ganzi. Jioni ileile tulipakia makreti garini kwenda kinuni, maana zeituni zikilundikwa kwa siku kadhaa hupata joto, huanza kuchacha na mafuta yake huharibika. Usiku tukakaa mezani tukichovya mkate kwenye mafuta mapya, ya kijani, yanayowasha koo. Mwenyeji wangu alikuwa akinitazama usoni aone nitasemaje. Sikuwa na maneno, nikachovya tena.

Tangu hapo nimejitolea katika mashamba saba ya kilimo hai, yaani kilimo kinachotegemea njia za asili, na swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: nifanyeje ili nisafiri bila gharama? Naomba tuliache swali hilo mlangoni. Nauli utalipa, viza utalipa, bima utalipa. Anayekwenda kwa ajili ya kitanda cha bure huhesabu saa kuanzia siku ya pili, na mwenyeji hulibaini hilo kabla ya chakula cha jioni.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi kuueleza. Unamsaidia mwenyeji kwa nusu siku, yaani muda wa saa nne hadi sita, naye anakupa chakula, mahali pa kulala na ujuzi wake. Fedha haipiti mkono kwa mkono. Mtandao unaojulikana zaidi ni WWOOF, ulioanza Uingereza mwaka 1971. Sue Coppard, katibu muhtasi aliyekuwa akifanya kazi London, alitamani kutoka mjini siku za mapumziko akaguse udongo, akapata nafasi kwenye shamba la Emerson College huko Sussex yeye na wenzake wachache. Leo wenyeji wako katika nchi zaidi ya 100. Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba hakuna uanachama mmoja wa dunia nzima: karibu kila nchi ina ofisi yake na ada yake ya mwaka, na nchi zisizo na ofisi zimewekwa katika kundi moja la pamoja. Kwa hiyo usilipe ada kabla hujajua unakwenda nchi gani na msimu gani. Zabibu za Ulaya huvunwa kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Oktoba, zeituni Oktoba hadi Desemba, na upande wa kusini wa dunia misimu imegeuka. Ukifika katikati ya baridi kali utakuta watu wakipogoa miti na kukarabati uzio. Kazi hizo nazo zina thamani yake, ila ujue mapema ndizo zinazokungoja.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningependa mtu angeniambia mapema. Ukiwa huko, wewe si mgeni wa kukaa sebuleni na kupakuliwa, wala si kibarua. Uko katikati, na hapo katikati hakuna mkataba wala msimamizi wa kumkimbilia. Kinachokulinda ni maelewano mliyofanya kabla ya kukutana. Karibu matatizo yote niliyoyaona, yangu na ya wenzangu, yalizaliwa kwenye ujumbe wa kwanza uliokuwa mfupi kupita kiasi.

Kwa hiyo andika barua hasa. Soma maelezo ya shamba hadi mwisho, kisha mwandikie mwenyeji kitu kinachoonyesha umeyasoma: kwamba umeona ana mbuzi na hujawahi kukamua, kwamba ungependa kujifunza kuhifadhi mbegu. Sema ukweli kuhusu nguvu zako. Kama mgongo wako hauwezi kubeba magunia, sema. Kama huli nyama, au kuna nyama usiyokula, sema sasa na si mezani, kwa sababu nyumba nyingi hupika chungu kimoja. Halafu uliza bila haya: siku za kazi ni ngapi kwa wiki, kazi inaanza saa ngapi, nitalala chumbani, kwenye hema au kwenye karavani (nyumba ndogo ya magurudumu), nitalala peke yangu au na nani, choo kiko wapi, kituo cha basi kiko umbali gani, mko watu wangapi hapo nyumbani. Mwenyeji mwema hafadhaishwi na maswali haya. Mmoja nchini Ureno alinijibu kwa kurasa mbili na picha ya kitanda. Nilifika nikamkuta jinsi alivyojieleza, na nikakaa wiki sita badala ya mbili.

Shamba langu la tatu halikuwa hivyo. Tangazo lilisema wanahitaji watu wanane kwa wakati mmoja, wenye afya njema, wakati wa mavuno ya mboga. Sikuona neno hata moja kuhusu kufundisha, wala tathmini hata moja ya waliotangulia, nami nikajiambia labda ni wapya. Nilipofika tulifanya kazi muda wa saa tisa kwa siku, tukifunga mafungu ya mboga kwa ajili ya malori yaliyokuja alfajiri. Karavani ilivuja. Lakini lililoniumiza zaidi lilikuja siku ya tatu, nilipoambiwa na jirani kwamba miaka ya nyuma kazi ile ilifanywa na vibarua wa kijiji waliolipwa ujira. Nilikuwa nimekalia riziki ya mtu nikiamini ninafanya wema. Asubuhi iliyofuata nilimwambia mwenye shamba kwamba haya siyo tuliyokubaliana, nikaondoka.

Nakusihi uwe na namna ya kuondoka. Weka akiba ambayo huigusi, inayotosha usiku mitatu kwenye nyumba ya wageni na nauli ya kukutoa hapo, na umwachie mtu wako anwani kamili ya shamba. Kwa dada zangu wanaosafiri peke yao naongeza: mpigie mwenyeji simu ya video kabla ya kwenda, zungumza na wanafamilia wengine, tafuta mashamba ambayo wanawake wametangulia na wakaandika. Roho ikikataa, usibishane nayo ili tu usionekane mkorofi.

Viza ndiyo inayowatia watu matatani, na jina lenyewe la mtandao lina historia yake hapa. Kwa miaka mingi W ya pili katika WWOOF ilisimamia neno la Kiingereza Workers, yaani wafanyakazi: Willing Workers on Organic Farms. Mwaka 2000 neno hilo likaondolewa, kwa sababu lilikuwa likiwagonganisha watu na maofisa wa uhamiaji, na jina likawa World Wide Opportunities on Organic Farms, yaani fursa duniani kote katika mashamba ya kilimo hai. Kubadilisha jina hakukubadilisha sheria. New Zealand huhesabu chakula na malazi kuwa malipo, kwa hiyo kujitolea shambani kunahitaji viza inayoruhusu kazi. Uingereza humruhusu mwenye viza ya matembezi kujitolea kwa siku zisizozidi 30, tena kwa shirika la hisani lililosajiliwa, na shamba la familia kwa kawaida halimo humo. Australia, mwaka 2015, iliamua kwamba kazi ya shambani isiyolipwa haitahesabiwa tena kwa vijana wanaotafuta mwaka wa pili wa viza ya likizo na kazi, kwa kuwa baadhi ya wenye mashamba waliitumia kuwanyonya. Nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja ya pamoja, zina hesabu yake: siku 90 ndani ya kila siku 180, na humo zinahesabiwa siku zako zote, za shambani na za matembezi.

Utasikia wasafiri wakisema, ukiulizwa kwenye uwanja wa ndege sema unakwenda kumtembelea rafiki. Usifuate ushauri huo. Ukibainika umedanganya unarudishwa, na rekodi inabaki ikikufuata katika maombi mengine. Soma ukurasa wa idara ya uhamiaji ya nchi husika, kisha iandikie ofisi ya WWOOF ya nchi hiyo uulize. Usitegemee pia barua ya mwaliko kutoka kwa mwenyeji; wengi hawatoi, na wana sababu zao.

Bima nayo isome kwa makini, kwa maana bima nyingi za safari hazilipi mtu aliyeumia akifanya kazi za mikono. Katika baadhi ya nchi ada ya uanachama ina bima ndani yake. Uliza inafunika nini. Hakikisha chanjo ya pepopunda haijapitwa na wakati, maana utashika samadi, udongo na misumari yenye kutu. Ulaya jikague kupe kila jioni ukitoka kwenye nyasi ndefu, nyuma ya magoti na kwenye kinena. Beba buti na glovu zako mwenyewe. Mengine utayapata huko.

Na usidhani kilimo hai maana yake hakuna kinachopulizwa. Kwenye mizabibu ya Ulaya dawa za shaba zinaruhusiwa dhidi ya ukungu, kwa kiwango kilichowekewa mpaka. Uliza zimepulizwa lini kabla ya kuingia kati ya mistari. Vilevile mashamba mengi madogo hayana cheti, na hilo peke yake lisikutishe. Cheti kina gharama, na shamba haliwi hai kwa siku moja: katika Umoja wa Ulaya ardhi hukaa miaka miwili chini ya kanuni za kilimo hai kabla ya kupandwa mazao ya msimu, na mitatu kabla ya mavuno ya mazao ya kudumu kama zabibu na zeituni ndipo yauzwe kwa jina hilo. Nimeishi na familia iliyokuwa katikati ya kipindi hicho, ikilima kwa taabu yote ya kilimo hai na kuuza kwa bei ya kawaida. Nisingeijua taabu hiyo kama ningekuwa mnunuzi tu.

Hayo ndiyo ninayokwenda kuyatafuta. Yule mwenyeji wa Ureno alikuwa na lundo la mboji lenye urefu wa kifua changu. Asubuhi moja ya baridi alichimba kitundu kwa uma wa shambani, mvuke ukatoka, akaniambia niweke mkono karibu. Kipimajoto chake kilisoma nyuzi 62. Akanieleza kwamba wadudu wasioonekana ndio wanaopika humo, kwamba wakipata samadi na majani mabichi ya kutosha, mabua makavu ya kutosha, maji na hewa, watafikisha joto la kuua mbegu nyingi za magugu; na kwamba joto likizidi sana hao wadudu wenyewe hufa, ndiyo maana tunaligeuza. Kwa wiki tatu kazi yangu ilikuwa kugeuza lile lundo. Nilijifunza kulijua kwa pua: likinuka kama mayai viza limekosa hewa, likinuka mkojo nimezidisha samadi, likinuka kama msitu baada ya mvua liko sawa. Hakuna aliyeniandikia hayo ubaoni. Niliyapata kwa kusimama karibu na mtu anayeyajua, nikiwa na uma mkononi, na kuuliza.

Ndiyo maana nakushauri ukae walau wiki mbili mahali pamoja, tatu ukiweza. Wiki ya kwanza unamchelewesha mwenyeji: kila kitu anakuonyesha mara mbili, unang'oa mche ukidhani ni gugu. Faida yako kwake huanza wiki ya pili. Anayekaa siku nne amechukua tu. Maliza saa zako, kisha osha vyombo bila kuombwa, rudisha sepetu mahali pake ikiwa safi, na siku ya mapumziko waachie wenyeji nyumba yao kwa saa kadhaa.

Ukiondoka, andika tathmini kabla wiki haijaisha, ungali unakumbuka kitanda kilikuwaje na saa zilikuwa ngapi. Andika kwa jina lako, kwa adabu, na usifiche kasoro. Lile shamba la tatu halikuwa na tathmini hata moja nilipokwenda, lakini jirani aliniambia watu zaidi ya ishirini walikuwa wamepita pale kabla yangu.