Walipanda bila oksijeni, walipumua nini?

SWALI

Shikamoo mzee. Mimi ni fundi cherehani hapa Majengo, Dodoma. Msimu huu wa sare za shule nakaa kwenye mashine tangu saa mbili asubuhi mpaka magharibi, hedifoni sikio moja, la pili namwachia mteja. Mwanangu alinipakulia podikasti za mahojiano na wazee waliopanda milima mikubwa ya dunia, na sasa nimenogewa. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, mengine yananipita. Wanasema walipanda "bila oksijeni". Walipumua nini? La pili, mmoja alisimulia kifo cha mdogo wake kama mtu anayetaja bei ya maharage. Nilisimamisha mashine. Hawa watu wana roho gani? Mume wangu ananicheka, eti nahangaika na milima wakati hata kilima cha Mlimwa sijakipanda.

Fundi, Majengo

JIBU

Marahaba, mwanangu. Umempata mtu wake. Nilibeba mizigo ya wageni Kilimanjaro, njia ya Marangu, miaka kumi na tisa, mpaka magoti yakagoma nikaja huku Dodoma kwa binti yangu.

Tuanze na hewa. Nenda duka lolote hapo sokoni ukazitazame pakiti za kripsi zilizofungwa Dar. Zimevimba. Hakuna aliyezipuliza. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, kwa hiyo hewa ya huku ni nyepesi, na ile iliyofungiwa pwani ndani ya pakiti inataka kutoka. Mimi nilikuwa nazifikisha kambi ya Kibo Hut, mita 4,720, zikiwa ngumu kama mpira. Nyingine zilipasukia ndani ya begi na mgeni akaapa kwamba nimezikalia.

Sasa, oksijeni haijaenda popote. Ukivuta pumzi juu kule, bado ni asilimia 21 ya hewa, sawasawa na Kariakoo. Ila hewa yenyewe ni kidogo. Pale kilele cha Uhuru, mita 5,895, pumzi moja inakupa kama nusu ya pumzi ya pwani. Juu ya Everest ni kama theluthi. Wakisema "bila oksijeni" wanamaanisha bila mtungi mgongoni. Wa kwanza kufika kileleni Everest hivyo ni Reinhold Messner na Peter Habeler, Mei 1978, na wapo madaktari walioamini watarudi na akili zimeharibika. Sisi wa Marangu tunapenda kuongeza kwamba Januari ya mwaka huohuo Messner alikuwa kwetu. Yeye na Konrad Renzler waliupanda Kibo, sehemu ya juu kabisa ya Kilimanjaro, kwa ukuta unaoitwa Breach Wall, kupitia barafu iliyokuwa inaning'inia pale. Nilikuwa darasa la sita, sikuwa na habari. Nilikuja kusimuliwa ukubwani, jikoni kambi ya Horombo, tukimenya viazi.

Na huyo uliyemsikia akimtaja mdogo wake, nadhani ni Messner huyohuyo. Mdogo wake Günther alifia mlima Nanga Parbat, Pakistan, mwaka 1970, wakiwa wanashuka wawili. Kaka alirudi peke yake, na baridi ilikuwa imemla vidole vya miguu hata vikakatwa. Baadhi ya wenzake wa msafara ule walimtuhumu kwamba alimtelekeza mdogo wake kwa tamaa ya sifa. Mabaki ya Günther yalipatikana mwaka 2005, upande uleule ambao kaka yake alisema siku zote kwamba ndiko walikoshukia. Hesabu hiyo miaka. Miaka thelathini na mitano unaulizwa swali moja, na kila anayeuliza anakuangalia machoni.

Usimwite katili. Mimi nina kifo changu kimoja. Tulikuwa tunakatiza ule uwanda mkavu kati ya Mawenzi na Kibo, mvua ya barafu ikatukuta. Mwenzangu alivaa raba na sweta la pamba, kwa sababu kampuni iliyotuchukua haikumkagua mtu nguo. Akakaa penye jiwe, akasema, "Tangulieni, nakuja." Tuliporudi kumchukua alikuwa amekaa vilevile. Begi alilobeba, tulipolifungua, lilikuwa na makoti mawili mazito ya mgeni.

Juzi mjukuu aliniuliza habari hiyo nikamsimulia huku napuliza chai. Binti yangu akaniambia, "Baba, mbona unasema kama unasoma gazeti?" Mara ya kwanza kuisimulia, mwanangu, sikuvuka neno "raba".

Kwa hiyo ukisikia sauti imetulia, jua habari hiyo imeshasimuliwa mara nyingi sana. Mimi huwa natega sikio kwingine. Mzee akisema "tukafika kambini, chai ikawa tayari", nauliza: nani kaichemsha? Wengine hawasemi kabisa, na hao nawazima. Wengine wanataja jina la mpishi wao wa miaka hamsini iliyopita, kijiji chake, hata idadi ya watoto wake. Hao nawasikiliza mpaka mwisho hata kama kilele hawakukifikia. Kwani yule Mjerumani Hans Meyer alipofika juu ya Kibo mwaka 1889, alibebewa na nani?

Mumeo muache acheke, ila mtafutie habari ya Doug Scott. Mwingereza huyu amefariki mwaka 2020, lakini mahojiano yake yapo. Mwaka 1977, mlima unaoitwa The Ogre, Pakistan, ndiyo kwanza ametoka kileleni, anashuka kwa kamba, akateleza akabembea na kujibamiza mwambani. Miguu yote miwili ikavunjika. Akashuka mlima mzima kwa magoti, siku kadhaa, dhoruba inapiga, wenzake wawili wakitangulia kumtengenezea njia. Mwenzake Chris Bonington naye akavunjika mbavu humohumo njiani. Waliishi wote.

Hiyo isikilize siku unayofunga vifungo. Ukiwa unakata kitambaa, zima.