Fundi, hapa sishoni

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: "Mnyama wako alipotoka kwa daktari akiwa na kidonda, ulimtunzaje nyumbani hadi akapona?" Mimi ni fundi cherehani, naishi Ngamiani, Tanga, na mnyama wangu ni paka dume wa rangi ya chungwa aitwaye Sumni. Jina alipewa na mama yangu siku tuliyomwokota, akisema thamani yake haizidi sumni, yaani senti hamsini. Gharama zake za matibabu zimeshapita sumni nyingi sana.

Sumni alikutana na paka shume wa uchochoro wa nyuma. Siku 2 za mwanzo hatukuona kitu, ila alikuwa hataki kuguswa karibu na mkia. Siku ya 3 akaacha kula, akajificha chini ya kitanda, na nilipompapasa nikakuta uvimbe wa moto, ukubwa wa yai la kuku. Daktari wa mifugo alipouona alicheka. "Huyu alikuwa anakimbia," akasema. "Anayesimama kupigana huumwa usoni na miguu ya mbele. Anayekimbia huumwa mkiani." Akanieleza kuwa jino la paka ni jembamba na linazama ndani pamoja na vijidudu vya kinywani. Tundu la juu ni dogo mno, linajifunga upesi, na chini yake usaha unajikusanya polepole.

Akamdunga sindano ya usingizi, akanyoa manyoya, akapasua, akaosha. Kilichotoka sikisemi, huenda mnasoma huku mnakunywa chai. Kisha akavua glavu. Nikamuuliza mbona ameacha tundu wazi, tena upana wa kifungo cha koti.

"Fundi, hapa sishoni."

Hapo ndipo palinikaa vibaya. Miaka 20 kazi yangu ni kuziba matundu. Nikiona mpasuko mkono unatafuta sindano wenyewe. Lakini jipu lililopasuliwa, alisema, ukilifunga mdomo umewafungia vijidudu mlango wakiwa ndani. Linatakiwa lipone kuanzia chini kuja juu, na kazi yangu ni kuhakikisha mdomo haufungi kabla ya tumbo. Kidonda safi cha upasuaji ni habari nyingine, hicho hushonwa, na nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14. Kwa hiyo kabla hujaondoka kwa daktari, muulize chako ni cha namna gani.

Usiku wa kwanza tulimlaza kwenye chumba cha cherehani, chini sakafuni, ndani ya boksi lenye kanga kuukuu. Paka aliyetoka kwenye dawa ya usingizi anapepesuka kama mlevi, na akili yake inamwambia bado anaweza kuruka juu ya kabati. Macho yalikuwa wazi, mboni kubwa, haoni vizuri. Taa tukazima, watoto tukawafukuza, maji na chakula tukangoja hadi asimame sawasawa. Mchanga wa choo chake nao tuliuondoa, maana punje zinaingia kwenye kidonda. Tukamwekea gazeti lililochanwachanwa. (Gazeti, si jarida lenu. Msininunie.)

Asubuhi mama mkwe akaja kumjulia hali mgonjwa. Mkononi ana manjano yaliyochanganywa na mafuta, na nusu kidonge cha Panadol. "Mwanangu, mnyama anaumia, mpe hii." Nilimheshimu kwa kila kitu ila hapo. Daktari alikuwa amenionya kabla sijatoka mlangoni: mwili wa paka hauwezi kuivunja paracetamol kama wetu unavyoivunja. Inaharibu damu, ufizi unageuka rangi ya kahawia, na kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka mzima. Hata kipande si salama. Aspirini na ibuprofeni nazo ni hivyo hivyo, usimpe kwa akili yako. Ile dawa ya kuua vijidudu inayogeuka nyeupe kama maziwa ukiitia majini, hiyo pia ni sumu kwake, kwa sababu atairamba. Kama anaumia, dawa ya maumivu aitoe daktari wa mifugo. Mama mkwe alinuna kidogo. Manjano yakaenda kwenye pilau, sijui kama ndivyo pilau inavyopikwa kwao.

Kuosha kwenyewe ni rahisi kuliko mnavyofikiri. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwenye nusu lita ya maji yaliyochemshwa, yapoe hadi yawe vuguvugu. Nilichukua mabaki ya kitambaa cha pamba, safi, kisichotoa nyuzi, nikachovya, nikakamua, nikakiweka juu ya kidonda dakika 5. Asubuhi na jioni. Joto linalainisha gaga, nawe unalifuta bila kuchokonoa. Siku ya 3 niliona gaga zuri kavu limefunga, nikafurahi kama mtu aliyemaliza suti. Nikampigia daktari. Akaniambia usishangilie, lainisha, litoke. Kweli lilipotoka yakafuata matone mawili ya usaha ambayo yangebaki ndani.

Sasa kola. Nimeshona kola za mashati hata sikumbuki ngapi, lakini hii ilinitoa jasho. Ulimi wa paka una vijimiba vinavyoelekea nyuma, ukipitishwa kwenye kidonda ni kama msasa, na mdomoni mwake ndimo walimo vijidudu wale wale waliosababisha yote. Ile ya plastiki iliyokuwepo ilikuwa ya mbwa. Nikatafuta picha ya eksirei ya mwanangu wa pili aliyewahi kuvunjika kiwiko, nikaifuta, nikakata duara lenye mkato, nikakunja umbo la faneli. Ukingo wa shingoni nikaupiga kitambaa laini ili usimkate. Vipimo ni viwili tu: urefu upite ncha ya pua, na kati ya kola na shingo viingie vidole 2. Kikiingia kimoja anabanwa, vikiingia 4 anavua na kukuachia mlangoni.

Saa ya kwanza alitembea kinyumenyume, akidhani akirudi nyuma kola itabaki mbele. Halafu akakaa kimya, akanitazama kutoka katikati ya kiwiko cha mwanangu. Chakula nikakiweka juu ya kopo lililopinduliwa ili kola isigonge sakafu.

Kutokula ndiko kunakotisha zaidi, na watu wengi hulipuuza jambo hili. Paka hastahimili kufunga kama mbwa. Akikaa siku 2 au 3 bila kula, hasa akiwa mnene, ini lake linaweza kujaa mafuta na hapo kidonda kinakuwa shida ndogo. Paka anafuata harufu, kwa hiyo nilikwenda soko la samaki la Deep Sea asubuhi kununua vibua, nikawachemsha bila chumvi, nikatoa miba, nikampa wangali na joto. Mchuzi wa nyumbani usimpe, hata akilia. Kitunguu maji na kitunguu saumu vyote vinaharibu damu ya paka, na mchuzi gani wa kwetu hauna kitunguu?

Vidonge vilikuwa mara 2 kwa siku, siku 7. Nikimfichia kwenye samaki anakula samaki wote, na kidonge nakikuta kimebaki pale sakafuni, kimerambwa kikawa safi. Mwisho tukamfunga kwa kanga mwili mzima kama sambusa, kichwa nje. Mke wangu anashika, mimi natia kidonge nyuma kabisa ya ulimi, kisha maji kidogo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kwa pembeni ya mdomo. Maji hayo si hiari. Kuna vidonge vya antibayotiki vikikwama kooni vinaunguza. Na siku ya 4 alipoanza kuchangamka hatukuacha dawa, tulimaliza zote.

Siku ya pili aliwahi kuniuma kidole. Kwa fundi kidole ni duka. Niliosha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, nikaenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu jino lililompa yeye jipu linaweza kunipa na mimi. Jambo la pili ni kichaa cha mbwa, ambacho jina linadanganya: paka nao wanaugua na wanaambukiza. Sumni alikuwa na chanjo. Shume hana.

Nzi sikuwategemea. Kwa joto hili la Tanga nzi mmoja akitua kwenye kidonda chenye unyevu, mayai yake yanaanguliwa kuwa funza ndani ya siku moja. Niliona vijichembe vyeupe pembeni mwa manyoya, mfano wa chenga ndogo kabisa za mchele, nikavifuta kimoja kimoja, kisha boksi zima nikalitandikia chandarua cha mtoto. Kidonda kikinuka, kikivimba tena, akijificha au akilala siku nzima bila kula, rudi kwa daktari siku hiyo. Wala usidanganyike akinguruma kifuani. Paka hunguruma akiwa na raha, na hunguruma pia akiwa na maumivu.

Siku ya 6 ndani ya tundu palikuwa pekundu, pana vichembechembe, pakavu. Kuanzia hapo kingo zikawa zinavutana zenyewe kila siku, polepole, kama mdomo wa mfuko wa kamba, bila uzi. Nilikuwa nikimaliza kuosha nabaki nimechuchumaa naangalia tu. Siku ya 13 pakabaki alama ndogo kama tundu la kifungo cha shati la mtoto, na vinyweleo vimeanza kuota.

Daktari ameshauri tumhasi ili apunguze kuzurura na ugomvi. Tumepanga mwezi ujao. Kola nimeitundika ukutani kando ya cherehani, wateja wanauliza ni mfupa wa nani. Shume anapita juu ya ukuta kila jioni, na Sumni anamtazama dirishani akiwa amelala juu ya suruali ya mteja ambayo nilitakiwa kuimaliza Jumatano.