Wadogo zangu, andikeni tyuni

Juzi nimemwona tena dogo amepiga magoti jukwaani katikati ya shoo, anakaza nyuzi za gitaa, analegeza, jasho linamtiririka, na watu wameshatoa simu. Alikuwa anaitafuta tyuni yake mwenyewe, yaani sauti aliyoupa kila uzi! Nikacheka, kisha nikanyamaza, maana magoti yangu yanapajua hapo.

1. Andikeni tyuni. Tulirekodi kipande cha dakika 19, gitaa nimelilegeza mpaka uzi wa sita unagonga vyuma vya shingo kama bati bovu. Nikajisemea mikono itakumbuka. Kesho yake nikafunga nyuzi mpya, nikarudi tyuni ya kawaida. Miezi saba baadaye tukaalikwa kukipiga. Siku tatu usiku kucha nasikiliza rekodi, nazungusha vigingi, nakaribia, nakosa. Nikapanda jukwaani na kitu kinachofananafanana. Kilifanana dakika mbili. Mpiga besi alipoingia tukagongana, na kelele yetu, ambayo siku zote ilikuwa ya makusudi, ikawa kelele tu. Wenzangu hawakuniangalia hadi mwisho. Jamaa mmoja wa mbele alishangilia akidhani ndio mtindo wenyewe; heri angenizomea. Wiki iliyofuata, nikikung'uta begi, ikadondoka pakiti tupu ya uzi wa nne. Ndipo nikakumbuka: siku ya kurekodi uzi wa tatu ulikatika, nikafunga wa nne mahali pake. Ningezungusha vigingi mpaka leo.

2. Kwa hiyo andikeni na unene wa nyuzi, na ni gitaa lipi. Sonic Youth, bendi ya roki ya Marekani, walikuwa na magitaa waliyoyachokonoa wenyewe, mengi yana tyuni zake. Julai 1999 lori lao la vyombo likaibwa California. Gitaa la namna hiyo hulipati dukani.

3. Pedali nyingi, vile vidude vya kukanyaga vya kubadili sauti ya gitaa, ni volti 9, na plagi yake ya umeme ina hasi katikati. Soma kibandiko kabla hujaazima adapta.

4. Vaeni vizibo vya masikio. Kwa desibeli 100, kikomo cha NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, ni dakika 15 kwa siku, na nyinyi mnafanya mazoezi kwa muda wa saa nne. Langu la kushoto linalia wiii hata sasa.

5. Fundi mitambo aambiwe mapema kwamba fidibeki, ule mlio wa gitaa na amplifaya kurudishiana sauti, ni sehemu ya wimbo. Mimi nilisahau. Yule mzee, Mungu ambariki, aliizima kila ilipochomoza, shoo nzima, halafu akanifuata nyuma ya jukwaa kunipa pole kwa amplifaya mbovu.