Tangazo la dagaa kwa akili mnemba

Swali: Kaka mhariri, mi nauza dagaa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, nataka tangazo la Instagram, hizi programu za akili mnemba zinaweza kunikatia video zenyewe?

Jibu: Zinaweza dada, ila usiziachie kila kitu. We rekodi simu ikiwa wima, 9:16, yaani upana 9 kwa urefu 16, anza na mkono unaochota dagaa wakavu wakilia chakacha, halafu programu ipunguze kelele za soko na kuweka maandishi, na hapo kwenye maandishi ndo pa kukaa macho maana Kiswahili chetu mara nyingi inakisikia vibaya, mi niliandikiwa "dawa" badala ya dagaa! Soma neno kwa neno, hasa bei. Na rangi usiwaongezee, tafadhali, mteja akifungua gunia akute walewale aliowaona.